Nani Atampatanisha Mpatanishi?

Katika mji wa Homa Bay, kwenye ukumbi mmoja usio mbali na ufuo wa ziwa, nilialikwa niwafunze wahudumu wa jamii uandishi wa ripoti. Walionialika waliamini kwamba kasoro ya ripoti hizo ni sarufi. Mimi nami, maadam isimu ndiyo kazi inipayo ugali, niliamini hivyo hivyo. Tulikaa siku mbili tukizungumzia aya, nyakati za vitenzi na mpangilio wa hoja. Alasiri ya siku ya pili niliwaomba wanisomee ripoti walizoziandika wenyewe, wakiyaacha nje majina ya watu na ya vijiji. Afisa mmoja wa kike, ambaye kwa kumkadiria hakuwa amefika miaka thelathini, alisoma ripoti fupi iliyomalizikia kwa sentensi mbili: "Wahusika wamepatana. Faili imefungwa."

Sarufi haikuwa na dosari yoyote. Nilimwuliza, kwa mazoea tu ya mwalimu, wahusika hao ni akina nani. Akajibu kuwa ni baba wa msichana wa miaka kumi na minne na mwanamume mwenye mashua aliyempa msichana huyo mimba. Wawili hao walikutanishwa mbele ya wazee, ng'ombe wakatajwa, watu wakapeana mikono. "Na msichana alipatana na nani?" nikauliza. Ukumbi mzima ukanyamaza.

Sikuuliza kwa nia ya kumtahayarisha, na hata leo najuta kwamba niliuliza mbele za watu. Wakati wa chai alinifuata nje. Alinieleza kwamba mkubwa wake huhesabu faili zilizofungwa kila mwezi, wala hahesabu zilivyofungwa. Naibu wa chifu ndiye aliyekiandaa kikao chenyewe. Nyanya ya msichana alimshika mkono akamsihi asimfikishe yule bwana polisi, kwani ndiye huwapa omena kwa mkopo nyumba nzima ikala. Na yeye mwenyewe afisa amepanga chumba kwenye soko lilo hilo, na mboga zake hununua kwa shemeji ya mwenye mashua. "Mwalimu," akaniambia, "wewe waniuliza msichana alipatana na nani. Mimi nilikuwa najiuliza nitapatana na nani kesho asubuhi."

Msomaji mpendwa, swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tumezoea kumwona mhudumu wa jamii kuwa ni mtu anayekuja kutatua migogoro ya wengine, kama fundi ajaye na sanduku la vyombo. Hatujiulizi mgogoro unapomwingia yeye mwenyewe anaupeleka wapi.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani. Ndugu zetu wa Tanzania wana jina moja lililokomaa, afisa ustawi wa jamii, na kila mtu hulielewa. Sisi Kenya tuna majina mengi na hakuna hata moja lililoshika. Yuko afisa wa watoto, yuko afisa wa maendeleo ya jamii, wako wahudumu wa mashirika yasiyo ya serikali, na wako wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja ambao serikali iliwazindua nchini kote mwaka wa 2023. Vijijini watu hawajali vyeo hivi. Wao husema "mtu wa serikali" au "mtu wa shirika". Nami nitamwongeza mwingine ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo lakini huifanya kila siku ya Mungu: mwalimu. Katika Kaunti za Homa Bay na Migori hakuna mwalimu wa ushauri nasaha ambaye hajawahi kukaa katikati ya baba anayegomba, shangazi anayelia na msichana anayeangalia sakafu. Kwa hiyo mwalimu anayesoma ukurasa huu asidhani kwamba nawasema watu wengine.

Kaunti hizi mbili si mahali pepesi pa kufanyia kazi ya aina hii. Utafiti wa kitaifa wa 2018 kuhusu virusi vya ukimwi uliona kuwa katika Homa Bay watu wazima 19.6 kwa kila mia walikuwa wakiishi na virusi hivyo, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa 4.9. Migori nayo ilikuwa miongoni mwa kaunti nne zilizotangulia. Nyuma ya tarakimu hizo kuna makaburi, na nyuma ya makaburi kuna wajane, mayatima, mashamba yasiyo na hati na watu wazima wanaogombania vyote hivyo. Kuna pia mialo ya ziwa, kuanzia Kendu Bay na Mbita hadi Sori na Muhuru, ambako mwanamke mchuuzi wa samaki aghalabu hulazimika kuwa na jaboya, yaani mvuvi anayemuuzia samaki kwa sharti la kulala naye. Mhudumu wa jamii anapofika mwaloni kuzungumza juu ya jambo hili, hakuti watu wawili waliokosana. Anakuta biashara inayolisha watoto.

Kiswahili kina jambo la kutufundisha hapa. Vitenzi vyetu vingi vya ugomvi na vya amani huishia kwa kiambishi kimoja, -ana, kinachoonyesha kwamba tendo linakwenda na kurudi. Watu hugombana, huzozana, hukosana. Kisha huelewana, hupatana. Lakini tazama shina gomba linavyozaa. Kugombana ni kurushiana maneno. Kugombea ni kukitaka kitu ambacho wengine nao wanakitaka. Kugombeza ni kumkemea mtu aliye chini yako, na tendo hilo halirudi. Mhudumu akiingia bomani akaambiwa "wanagombana", kazi yake ya kwanza ni kujua kama kweli wanagombana, au wanagombea kitu, au mmoja anagombezwa na wenzake wote. Migogoro mingi niliyosimuliwa kule ilikuwa ya aina mbili hizi za mwisho, lakini kwenye ripoti yote iliandikwa kana kwamba ni ya aina ya kwanza.

Neno kupatana nalo lina sokoni kwake. Ukimwuliza mchuuzi bei ya ngege pale sokoni, atakutajia bei kisha aongeze kwamba ni ya kupatana. Kila mmoja anaacha kidogo cha kwake, na biashara inakwisha. Si kosa kutumia njia hiyo kwa mambo ya sokoni. Kosa ni kuipeleka mahali ambapo hakuna mtu mwenye haki ya kuacha kidogo, kwa sababu kinachoachwa si chake.

Nitasimulia kisa cha pili, kwa kuwa cha kwanza peke yake kinaweza kumfanya msomaji adhani wahudumu hawa hawajui kazi. Nilimsindikiza afisa mwingine, mama wa makamo aliyezaliwa mbali na ziwa, asiyejua Kijaluo zaidi ya salamu. Alikuwa akienda kumwona mjane ambaye shemeji zake walidaiwa kumnyang'anya shamba. Wajaluo humwita mjane chi liel, yaani mke wa kaburi, na mtu anayemchukua baada ya mumewe kufa huitwa jater. Huko kumchukua ndiko kuitwako tero. Asili ya tero ni kitenzi cha kuchukua au kupeleka. Sisi tunaotafsiri ndio tulioligeuza likawa "kurithi", tukamfanya mwanamke awe mali ya urithi hata kabla hatujaanza kujadili kama desturi yenyewe ni nzuri au mbaya. Siitetei desturi hiyo, maana najua imewaletea wanawake wengi maradhi na udhalilishaji. Ninachosema ni kwamba mhudumu anayeingia kwenye mjadala na neno lililokwisha kuhukumu huwa amechagua upande pasi na kujua, na wazee humsikia akichagua.

Basi tulifika. Tukapewa viti chini ya mti. Kwa kuwa afisa hakujua lugha, alijitolea mtu wa kutafsiri, na mtu huyo alikuwa nani kama si shemeji mwenyewe! Afisa akauliza swali lake kwa Kiswahili. Mjane akasema kwa Kijaluo muda wa dakika tatu hivi, taratibu, macho yake yakiwa kwenye kibanio cha kanga yake. Kijaluo changu ni cha kuombea maji, lakini nilimsikia akitaja puodho, yaani shamba, si chini ya mara nne. Alipomaliza, shemeji akamgeukia afisa na kutafsiri: "Anasema hana neno."

Kwa Kiswahili, kama ujuavyo, "hana neno" ni kusema kwamba ameridhika. Neno kwetu si sauti tu. Ni jambo, ni shauri, ni lalamiko. Twasema "pana neno gani?" tunapoona nyuso zimekunjamana. Kijaluo kiko vivyo hivyo: wach ni neno la mdomoni na ndilo jambo lenyewe. Kwa hiyo mjane aliyesema kwa dakika tatu alinyang'anywa vyote viwili, maneno yake na jambo lake, kwa maneno matatu ya mkalimani wake.

Yule mama hakupandisha sauti. Alimshukuru shemeji, kisha akasema kwamba kwa utaratibu wa ofisi yake mwenye neno katika shauri hatafsiri, kwa hiyo anaomba aitwe mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu. Shemeji akasimama. "Unanidharau kwenye boma la baba yangu?" Hapo ndipo mgogoro wa shamba ulipogeuka ukawa mgogoro wa afisa. Angeweza kuondoka. Angeweza pia kutoa kitambulisho na kutaja sheria, na sheria anayo: Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 60, inataka kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Hakufanya hata moja. Alimwuliza: "Mzee, tangu marehemu augue, nani amekuwa akibeba mzigo wa nyumba hii?"

Swali hilo lilimkalisha tena kitini. Ikadhihirika kwamba yeye ndiye aliyelipa hospitali, yeye ndiye aliyenunua jeneza na fahali wa matanga, na mpaka siku hiyo alikuwa akidaiwa. Anayejua gharama za mazishi upande huo wa nchi hatashangaa. Mwaka wa 1987 taifa zima lilifuatilia kesi ya maiti ya wakili S. M. Otieno, mjane wake akivutana na ukoo wa mumewe hadi Mahakama ya Rufani juu ya mahali pa kumzika. Na aliyeifuatilia alijifunza kwamba kwa Wajaluo mazishi ni shughuli ya ukoo, wala si ya nyumba moja. Shemeji huyu aliona shamba ndicho kitu pekee kitakachomrudishia alichotoa. Mwalimu alipofika na tafsiri ikawa tafsiri, ilijulikana kwamba mjane hakukataa kwamba pana deni. Alichokuwa akikikataa ni kuhamishwa. Walimaliza kwa kuafikiana kwamba shemeji atalima sehemu ya shamba kwa misimu miwili, naye mjane abaki na shamba lake, na mstari wa mkonge ukapandwa mpakani mbele ya naibu wa chifu. Kwa Kijaluo makubaliano huitwa winjruok, na shina lake ni kusikia. Siku ile nilifahamu kwa nini.

Mary Parker Follett, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1868 na kufariki mwaka wa 1933, alifanya kazi za kijamii kwa miaka mingi katika mitaa ya Boston kabla hajaanza kusikilizwa na mameneja wa viwanda. Katika mhadhara wa mwaka wa 1925 alieleza kwamba migogoro humalizwa kwa njia tatu: mmoja kumshinda mwenzake, kila mmoja kuacha kidogo, au wote wawili kutafuta jambo la tatu linalotosheleza haja za pande zote. Mfano wake ulikuwa wa watu wawili katika chumba cha maktaba, mmoja akitaka dirisha lifunguliwe, wa pili akitaka lifungwe. Walifungua dirisha la chumba cha pili. Hewa ikaingia na upepo haukumpiga yule asiyeutaka. Sijui kama yule mama amewahi kusikia jina la Follett. Alichokifanya chini ya mti ndicho hicho.

Lakini mfano wa dirisha una mpaka wake. Watu wawili wa maktaba walikuwa sawa. Kila mmoja aliweza kuinuka akaondoka. Tumtie kwenye chumba hicho mtoto wa miaka kumi na minne na mwanamume mwenye mashua, na dirisha la tatu halipo. Anayelitafuta anamdhulumu mtoto hata kama moyo wake ni safi. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haimhesabu mtu aliye chini ya miaka kumi na minane kuwa anaweza kuridhia. Sheria iyo hiyo haikuwapa wazazi, wazee wala chifu uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka; ilimpa Mwanasheria Mkuu, na chini ya Katiba ya 2010 mamlaka ya mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ni kweli kwamba Katiba, katika Kifungu cha 159, inahimiza upatanishi na njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Wengi hukinukuu kifungu hicho na kuishia hapo. Wakiendelea kusoma mistari michache watakuta kwamba njia hizo za jadi hazitumiki pale zinapokiuka haki za binadamu. Na Kifungu cha 53 kinaweka maslahi ya mtoto mbele ya mengine yote katika kila jambo linalomhusu.

Huenda msomaji akasema: ni rahisi kwa mhadhiri kuandika hivyo akiwa kwenye dawati lake. Kesi mahakamani huchukua miaka. Shahidi huhama, daktari huhamishwa, msichana huzaa na kuolewa kabla hakimu hajaandika hukumu. Nyanya atakosa omena. Afisa naye atarudi kwenye chumba chake cha kupanga usiku, hana gari wala mlinzi. Hoja hizi zote ni za kweli na sina jawabu la kuzifuta. Ninaloweza kusema ni kwamba zote ni hoja za kumlinda afisa na kumlisha nyanya. Hakuna hata moja inayosema kwamba msichana alitendewa haki. Afisa akiogopa, tuseme anaogopa, tumtafutie mwenzake. Nyanya akikosa chakula, tuseme hana chakula, na kuna afisa mwingine anayeshughulikia hilo. Tusiyafiche mahitaji hayo mawili chini ya neno "wamepatana".

Upande wa Migori, huko Kuria, ugumu huchukua sura nyingine. Mhudumu anayepinga kukeketwa kwa wasichana mara nyingi amezaliwa pale pale. Wazee wa inchama, baraza linaloheshimiwa na kuogopwa, huenda ni wajomba zake. Hapo lugha huwa mtego wa kwanza. Akisema "tohara", neno tulilolipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya usafi, amekubali kabla ya kuanza kwamba asiyefanyiwa ni mchafu. Akisema "ukeketaji", neno lenye sauti ya kisu ndani yake, kila mama mzima aliyeketi pale atasikia kwamba ameambiwa alikatwakatwa na mama yake mwenyewe. Mwalimu mmoja wa kike wa huko alinieleza kwamba yeye hatumii neno lolote kati ya hayo mbele ya wazazi. Husema, "Disemba hii nataka mtoto huyu akae kwangu ajiandae kwa mtihani." Wazazi wanajua anasema nini, naye anajua kwamba wanajua. Baadhi humpa mtoto. Wengine humnyima, na hapo ndipo anapolazimika kulitaja jambo kwa jina lake la kisheria na kumpigia afisa wa watoto simu. Alisema shangazi yake mmoja hajala kwake tangu mwaka ule alipofanya hivyo mara ya kwanza.

Mwishoni mwa 2020, shule zilipokuwa zimefungwa kwa muda mrefu kwa sababu ya korona, iliripotiwa kwamba wasichana wengi wa Kuria walikeketwa, na wengine waliandamana mchana peupe barabarani wakiwa na zawadi zao. Mwalimu aliyekuwa akiwaficha nyumbani kwake likizo moja baada ya nyingine hakuwa na shule ya kumsaidia wakati huo. Sheria ya 2011 inayopiga marufuku kitendo hiki inamfikia pia anayemvusha msichana mpaka ili akafanyiwe nchi nyingine, na mpaka wenyewe pale Isebania ni barabara tu: ng'ambo ni Sirari, ukoo ni ule ule. Anayemfuata mtoto ng'ambo hiyo anamhitaji afisa ustawi wa jamii wa Tanzania, na akifika anakuta kwamba hata Kiswahili chao cha ofisini si kimoja. Laiti maofisi ya pande mbili yangeketi siku moja tu na kuandika orodha ya istilahi zao! Ni kazi ndogo, na idara za Kiswahili katika vyuo vyetu zingeifanya bila malipo.

Sijagusa bado ugomvi wa ofisini, nao si mdogo. Mtu wa serikali na mtu wa shirika hufanya kazi moja kwa mishahara tofauti. Mmoja ana mamlaka ya kisheria lakini hana petroli. Mwingine ana gari lakini hana mamlaka. Kila semina huanza na manung'uniko ya posho. Kisha mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya kigeni, na watu wengi waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo wakasimamishwa kazi ghafla. Wale waliobaki walirithi majalada ya wenzao. Ukiwa na majalada mengi kupita kiasi, kila mgogoro unaoweza kufungwa kwa sentensi mbili utaufunga kwa sentensi mbili, na sioni haki ya kumlaumu mtu kwa hilo bila kumlaumu anayehesabu majalada.

Kama ningeulizwa la kufanya, ningeanza na mambo ambayo hayahitaji bajeti. Mhudumu asipewe shauri la ukoo wake au la soko analoishi, na akipewa awe na haki ya kulikataa bila kuandikwa kuwa mzembe. Shauri linalohusu kosa dhidi ya mtoto lisiachiwe mtu mmoja hata siku moja. Waende wawili, ili vitisho vigawanywe. Mkalimani asiwe jamaa. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu ndilo la fani yangu: katika kaunti ambako mzee wa Mfangano huenda angali na Kisuba chake, wajukuu wake wana Kijaluo, karani ana Kiswahili na ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, neno la mwenye shida hupita milango mitatu kabla halijafika mezani. Kila mlangoni kuna mtu wa kulipunguza. Mwenye kulalamika anukuliwe kwa lugha yake mwenyewe, walau sentensi moja, kisha ndipo tafsiri ifuate. Mwalimu wa lugha wa shule yoyote ya sekondari anaweza kusaidia kwa hilo.

Na wanafunzi mnaosomea kazi hii vyuoni, mtafundishwa nadharia nyingi za usuluhishi, nazo ni nzuri. Waulizeni walimu wenu pia ni mashauri yapi yasiyosuluhishwa, na mtu akishakataa kuyasuluhisha anakwenda kulala wapi. Kama mwalimu hana jibu, mjadiliane naye. Mjue pia kwamba simu ya bure ya watoto ni 116, kwani nimekutana na wahitimu wasioijua.

Yule afisa wa Homa Bay nilimwona tena kabla hatujaagana. Alikuwa ameketi peke yake ukumbini, viti vikiondolewa, na ripoti yake iko mbele yake. Alikuwa amezikata kwa kalamu zile sentensi mbili za mwisho. Mahali pake alikuwa ameandika: "Baba na mshukiwa wamekubaliana. Msichana hakuulizwa. Naomba afisa mwingine aungane nami katika shauri hili." Akanisukumia karatasi akaniuliza kama sarufi yake ni sahihi. Nikamwambia ni sahihi. Akaikunja, akauliza kama kuna matatu nyingine ya kwenda upande wake kabla ya saa kumi na mbili, akatoka.